Ufito na Rili kwa Watu Wasiokula Kambare

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ufito wala rili. Nilipewa kipande cha chaki nyeupe nikaambiwa nisimame mbele ya ukuta.

Duka lilikuwa katika mji wa Kisii, kati ya fundi cherehani na muuza baiskeli. Uhuru ulikuwa haujatimiza mwaka. Mbele ya duka kulikuwa na majembe, misumari, rangi na vioo vya taa. Nyuma, upande wa kulia, kulikuwa na kaunta ndefu yenye kioo juu yake, na hiyo ndiyo ilikuwa kaunta ya uvuvi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Birongo kwa miguu, na cheti changu cha darasa la nane kilikuwa ndani ya bahasha. Hakuna aliyekiomba.

Mwenye Duka, ndivyo sote tulivyomwita, alikuwa Mhindi mzee aliyevaa koti la kijivu hata jua likiwaka. Alichukua ufito mmoja wa kuvulia, akabana kishikio chake kwenye jiliwa lililofungwa ukutani, kisha akaning'iniza kwenye ncha yake mfuko wa misumari wa ratili moja. Ufito ukainama.

"Chora," akasema.

"Nichore nini, Bwana?"

"Vile umepinda. Fuata na chaki. Usikimbie."

Ukuta ule ulikuwa umepakwa rangi nyeusi kutoka sakafuni hadi darini, na ulikuwa umejaa pinde za chaki, zaidi ya mia. Kila upinde ulikuwa na jina la ufito na aina ya maji yaliyoufaa. Pinde nyingine zilikuwa zimelala kama paa la nyumba, nyingine zilishuka ghafla mwishoni kama shingo ya korongo. Nilisimama pale mdomo wazi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kupinda kwa kijiti ni jambo ambalo mtu anaweza kuliandika ukutani, akalirudia kesho, akakuta halijabadilika.

Nieleze kidogo, kwa sababu vijana wa leo hununua ufito kwa kuangalia rangi. Kuna ufito unaopinda karibu na ncha tu. Huo hurusha chambo mbali na hushtuka haraka samaki akigusa. Kuna mwingine unaopinda mwili mzima hadi karibu na kishikio. Huo ni mpole, haukati mshipi mwembamba, na humsamehe mtu asiye na mazoezi. Ule mfuko wa misumari ulikuwa unatuambia tofauti hiyo bila kwenda majini. Ufito wa bei kubwa na ufito wa bei ndogo zilibanwa kwenye jiliwa lile lile, na chaki haikujua upi ulitoka Ulaya.

Baada ya mwezi mmoja wa chaki niliruhusiwa kushika rili. Rili ni kile kifaa cha kukunja mshipi kinachofungwa chini ya ufito. Tulikuwa na aina mbili. Ya kwanza tuliiita rili ya gurudumu: ukizungusha, gurudumu lenyewe huzunguka na kukunja mshipi, mzunguko kwa mzunguko. Ya pili tuliiita rili ya kikombe: mshipi umekaa kwenye kikombe kisichozunguka, na mkono wa waya ndio unaouzungushia humo. Ya kikombe hurusha mbali, lakini ina gia, springi na skrubu ndogo kama mbegu za wimbi. Mara ya kwanza nilipoifungua niliona meno ya shaba yakiumana, jino kwa jino, na kwa mzunguko mmoja wa mkono wangu waya ule ukazunguka mara nne. Niliifunga nikaifungua tena, si kwa sababu ya kazi, bali kuona tu.

Mwenye Duka hakuhitaji kuifungua. Aliiweka sikioni, akafumba macho, akazungusha polepole. "Jino la tatu," alikuwa akisema, au, "Mchanga. Huyu ameilaza chini." Nikifungua nilikuta hivyo hivyo. Alinifundisha pia kuvuta kipande cha pamba ndani ya kila pete ya ufito, zile pete ambamo mshipi hupita. Pamba ikiacha nyuzi kwenye pete, basi pete ina ufa ambao jicho haliuoni, na ufa huo utakata mshipi siku samaki mkubwa atakapokuja. Jambo hili halihitaji fedha. Linahitaji pamba.

Wateja wetu walikuwa walowezi wa Nyansiongo na Sotik. Walikuwa na mabwawa kwenye mashamba yao na walikuja Jumamosi na magari yenye matope. Sasa walikuwa wanaondoka. Mashamba yalikatwa vipande, wakaingia watu wetu na ng'ombe wao na mahindi yao. Mteja wa mwisho wa Kizungu hakuja kununua. Alikuja kuuza rili kumi na moja ndani ya kikapu.

Mwaka wangu wa pili, shule zilipofungwa kwa likizo ya Agosti, Mwenye Duka aliniita kwenye kaunta.

"Nyakundi, mwezi huu umeuza nini hapa?"

"Ndoano, Bwana. Na mshipi kidogo kwa mtu wa Kendu Bay."

"Shule zikifunguliwa, kama hakuna wateja wapya, hapa nitaweka magodoro. Na wewe sitakuwa na kazi ya kukupa. Godoro halihitaji fundi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kipimo. Mimi sikuwa na shamba la kurudia. Baba alikuwa ameligawa kwa kaka zangu wakubwa. Lakini si hilo lililoninyima raha. Nilikuwa nimepata mahali pamoja duniani ambapo akili yangu ilikaa sawasawa, kama gurudumu kwenye ekseli yake, na mahali penyewe palikuwa panataka kujazwa magodoro.

Nilifanya hesabu yangu. Walimu walikuwa likizoni, na kule Nyansiongo kulikuwa na bwawa la mlowezi ambalo sasa lilikuwa la majirani wote. Mwalimu Mkuu wa shule ya karibu alikuwa pia mzee wa kanisa la Sabato. Akinunua yeye, walimu wake wangenunua, na nusu ya kanisa ingefuata. Nilimtungia seti. Nilichagua ufito mfupi na mgumu, kwa kuwa anayeanza huvunja. Nikachagua rili ya kikombe, kubwa, miongoni mwa zile za kikapu. Nikachagua mshipi mnene, na chubwi nzito, yaani ile risasi inayozamisha chambo hadi chini, ili aweze kurusha mbali bila ufundi. Kila kifaa nilikipima mara mbili. Nilijiona mtu makini sana.

Jumapili hiyo nilikuwa kando ya bwawa pamoja na Mwalimu Mkuu na walimu wengine sita, wote wamevaa makoti kana kwamba ni mkutano wa wazazi. Ng'ambo ya maji alikaa jirani mmoja Mkatoliki, Petro, na kijiti chake na kamba ya katani, akitutazama kwa furaha.

Mwalimu Mkuu alirusha vizuri. Haikupita robo saa mshipi ukakaza. Akavuta, ufito ukastahimili, rili ikakunja bila kelele, na mimi nikahesabu wateja kichwani. Kisha kichwa kikatokea juu ya maji: kipana, cheusi, chenye masharubu manne kila upande. Kambare.

Mwalimu Mkuu akainama kumtazama yule samaki.

"Nyakundi, huyu ana magamba?"

Mimi mwenyewe ni Msabato. Nililijua jibu tangu nikiwa mgongoni mwa mama: samaki asiye na magamba haliwi. "Hana, Mwalimu."

"Basi arudi kwake."

Wa pili akaja na masharubu. Wa tatu akaja na masharubu, mkubwa kuliko wote.

"Mwalimu Mkuu!" Petro alipaaza sauti kutoka ng'ambo. "Usimrudishe majini, mrudishe huku! Sisi wengine masharubu hayatuogopeshi!"

"Petro, kula ugali wako unyamaze."

"Ugali ninao, Mwalimu! Kitoweo ndicho unachokitupa!"

Hata walimu walicheka. Mwalimu Mkuu hakucheka wala hakukasirika. Alifuta mikono yake kwa majani, akanirudishia ufito kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Kifaa ni kizuri, kijana. Ni cha mtu mwingine."

Jumatatu nilimweleza Mwenye Duka yote, sikuficha hata masharubu. Alisikiliza huku akipangusa kioo cha kaunta.

"Ulimwuliza nyumbani kwake wanakula nini?"

"Sikumwuliza, Bwana. Mimi na yeye ni wa kanisa moja. Nilijua."

"Ulijua, halafu ukampa chubwi ya kulala kwenye matope. Nani anakula kwenye matope?"

Nilikuwa nimechagua kifaa kwa kuangalia mkono wa mtu, na kifaa kikaenda kuchagua samaki. Nikamwuliza, kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibu vya kutosha, ni samaki gani yeye mwenyewe alimpenda.

"Mimi? Mimi sijala samaki hata siku moja. Wala baba yangu. Dini yetu, kitu chenye macho hatuli."

Nilidhani ananitania. Mtu huyu alikuwa amenieleza mdomo wa kila samaki, jinsi unavyofunguka, ndoano ya ukubwa gani hukaa ndani yake.

"Basi uliyajuaje haya yote?"

"Nauliza. Mimi sili, kwa hiyo lazima niulize kila mtu. Wewe unakula, ndiyo maana hukuuliza."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Nilianza upya, na safari hii nilianza na samaki. Ngege ana magamba, na bwawa lile lilikuwa naye. Mdomo wake ni mdogo; kwa hiyo ndoano ndogo, na mshipi mwembamba asiouona. Hula katikati ya maji, kando ya nyasi. Kwa hiyo haitakiwi chubwi nzito, bali kielea, kijiti chepesi kinachobaki juu na kukishikilia chambo kisifike chini, pamoja na risasi moja ndogo kama punje ya mtama. Kando ya nyasi si mbali. Kwa hiyo rili ya kikombe haina kazi, ya gurudumu inatosha, na ya gurudumu ni ya bei nafuu na haina cha kuharibika. Kilichobaki ni ufito: mrefu, ili upite juu ya nyasi, na unaopinda mwili mzima, ili usikate mshipi mwembamba. Ufito wa namna hiyo tulikuwa nao mmoja, wa Kiingereza, na bei yake ilikuwa ya mbuzi mzima.

Nikajaribu mianzi. Mwanzi mbichi ulipinda ukabaki umepinda. Mwanzi uliokaushwa juani ulipasuka kwenye jiliwa. Nilijaribu sita. Kisha nikakumbuka dari la jikoni kwetu, juu ya meko, ambapo mama alining'iniza mahindi ya mbegu kwenye mianzi iliyokaa moshini tangu kabla sijaanza shule.

"Unalibeba dari langu kwenda wapi?" mama aliniuliza.

"Kazini, mama."

"Huko kazini hawana miti?"

Mwanzi ule ulikuwa mwekundu kama chai na mwepesi kuliko ulivyoonekana. Niliufungia pete nilizokunja kutoka spoku za baiskeli, nikazikaza kwa uzi na vanishi, nikapitisha pamba. Niliubana kwenye jiliwa, nikaning'iniza misumari, nikachora. Chaki yangu ilipita juu ya mstari uliokuwapo tayari. Nilidhani mkono umeteleza. Nilifuta nikachora tena, na ukaangukia pale pale, kuanzia kishikio hadi ncha. Ulikuwa upinde wa ule ufito wa Kiingereza.

Mwenye Duka alikuja akasimama nyuma yangu. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Nani ametengeneza hii?"

"Mama yangu, Bwana. Kwa moshi."

Aliugusa ule mwanzi kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala.

Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa Mwenye Duka mwenyewe aliendesha gari la duka hadi Nyansiongo. Alikuwa na chupa ya chai na kiti cha kukunja. Mwalimu Mkuu alikuja kwa adabu tu, nadhani, na alikuja na mkewe, Mama Kerubo, aliyekuwa anaelekea sokoni na kikapu chake. Petro alikuwa pale pale, ng'ambo.

Saa nzima kielea hakikutikisika. Saa ya pili vivyo hivyo. Niliangalia kile kijiti hadi macho yakaniuma, na kila nilipogeuka nilimwona Mwenye Duka ameketi wima, mikono magotini, akiangalia maji.

"Mwalimu!" Petro akaita. "Leo hata wale wenye masharubu wamekukataa?"

Mwalimu akachoka. "Shika kidogo," akamwambia mkewe, akaenda ng'ambo kumjibu Petro uso kwa uso. Haikuwa desturi yetu mwanamke kushika ufito. Mama Kerubo aliushika kwa mkono mmoja, kwa kuwa ulikuwa mwepesi, na mkono wa pili ukabaki kwenye kikapu.

Kielea kikatikisika mara mbili. Kisha hakikuwapo.

"Baba Kerubo, kimeenda!"

"Kimeenda wapi?"

"Chini!"

"Vuta!" Petro na Mwalimu walipaaza sauti pamoja.

"Usivute, mama!" nikasema. "Inua, halafu zungusha polepole. Akikimbia, mwachie."

Aliweka kikapu chini. Ufito ukapinda, wote, kutoka ncha hadi mkononi mwake, na mshipi ule mwembamba ukakata maji ukizunguka huku na huku. Aliuacha uende ulipotaka kwenda, akaurudisha ulipochoka. Hakuna aliyemfundisha. Nilikaa mwaka mzima na zaidi nikijifunza kwa nini ufito wa namna ile hausumbui mshipi, na yeye alilijua jambo lile kwa kiganja katika dakika moja.

Ngege akaja juu amelala ubavu. Nilimteka kwa wavu, nikamlaza kwenye nyasi. Mwalimu alifika akikimbia, akainama, akapitisha ukucha ubavuni kwa samaki.

"Ana magamba," akasema taratibu, na akavua kofia.

Hapo nikamwona Mwenye Duka. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope na lile koti la kijivu. Ngege akiwa hai ana kijani mgongoni, na ubavu wake una fedha, na ndani ya fedha kuna zambarau inayokuja na kuondoka, na kando ya pezi kuna wekundu. Vinafifia upesi.

"Ana rangi hizi zote?" akauliza.

"Ndiyo, Bwana. Hukujua?"

"Mimi nawajua wa kwenye kalenda na wa kwenye boksi la ndoano." Hakuinua macho. "Miaka thelathini. Sijawahi kuja majini."

Mzee yule aliyesikia jino moja lililovunjika ndani ya chuma kilichofungwa alikuwa anamwona samaki aliye hai kwa mara ya kwanza. Aliomba ruhusa kwa Mama Kerubo, akagusa gamba moja kwa ncha ya kidole.

"Mtamla leo, mama?"

"Leo hii hii, Baba. Karibu nawe ule."

"Asante, mama. Mimi nitakunywa chai."

Mama Kerubo alicheka hadi akashika magoti. Alipata ngege wengine wawili kabla ya mchana, na soko likamngoja. Mwalimu Mkuu alipotaka kuuchukua ule ufito kunirudishia, mkewe hakuuachia. "Huu unabaki," akasema. "Na dada yangu anataka wake."

Magodoro yalikuja Septemba. Yaliwekwa stoo.

Seti ile, mwanzi wa moshi, rili ya gurudumu iliyotumika, kielea na ndoano tatu, tuliiuza kwa bei ya jozi ya viatu vya shule. Walimu walinunua, lakini zaidi walinunua kina mama, na jikoni nyingi za Nyansiongo na Birongo zikaanza kukausha mianzi kwa ajili ya duka letu. Nilipewa tawi dogo la Masimba kulisimamia kwa miaka mitano, chini ya Meneja wa Matawi, mtu mkali aliyetaka kila rili iandikiwe kadi yake, naye alinifundisha utaratibu ambao bado ninao. Kisha nikarudishwa Kisii kuwa mkuu wa kaunta. Mwenye Duka alizeeka na kwenda kwa wanawe ng'ambo katikati ya miaka ya sabini. Hadi alipoondoka, Jumapili moja kila mwezi aliendesha gari hadi kwenye bwawa fulani, akakunjua kiti chake, akatazama. Hakuwahi kushika ufito.

Niliacha kazi macho yaliposhindwa kuziona zile skrubu ndogo. Vijana huja nyumbani kuniuliza wanunue nini na fedha ni chache. Nawaambia: fedha kidogo uliyo nayo iweke kwanza kwenye mshipi na ndoano, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyomgusa samaki. Kisha rili, na usione haya kununua iliyotumika; isikilize, itikise, vuta mshipi uone kama unatoka bila kukwamakwama. Ufito uwe wa mwisho. Mengine yote niliyoyaeleza hapa mtu anaweza kujifunza kwa mwaka mmoja akiwa mvumilivu.

Siku hizi naenda Nyansiongo na binti zangu. Wao huvua, mimi hukaa. Lakini kielea kikizama mimi husimama, siwezi kujizuia, na wao hunicheka: "Baba, umekiona kikizama mara elfu!" Ni kweli, pengine zaidi. Ila kila kinapozama, yule aliyekivuta sijamwona bado.